Supamaketi Zimeondoka, Kariakoo Ipo

Juma hili tuzungumzie manunuzi. Nasema manunuzi ya kila siku katika jiji la Dar es Salaam: sukari, mafuta, viatu vya mtoto wa shule, simu, kitenge cha kwenda nacho harusini. Na tuanze kwa kuwahesabu walioondoka.

Mwaka 2014 kampuni ya Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake matatu ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya. Mwaka uliofuata Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake hapa nchini na Uganda kwa mpigo mmoja. Nakumatt, iliyoonekana kama simba aliyewameza wenzake, haikufika mbali. Kufikia mwaka 2018 taa zake hapa nchini zilikuwa zimezimwa. Game ya Afrika Kusini ikajikaza pale Mlimani City, na mwishoni mwa mwaka 2022 nayo ikafungasha virago. Hizo ni kampuni nne kubwa ndani ya miaka tisa. Wakati huo huo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Watu zaidi ya milioni tano hawawezi kukaa bila kununua. Basi wananunuaje, hata mwenye duka lenye kiyoyozi, vitoroli na maegesho ya magari akose riziki, ilhali muuza nyanya mwenye meza moja anaendelea?

Jibu jepesi, ambalo husikika sana kwenye vikao vya wasomi, ni kwamba watu wetu hawajastaarabika, wanapenda kubishana bei na kukanyagana. Jibu hilo silikubali. Zipo supamaketi zinazofanya kazi hadi leo, Masaki, Mikocheni na kwingineko, na wateja wake wapo. Isitoshe, mtu yule yule unayemwona akisukuma kitoroli Jumamosi ndiye utakayemkuta Jumatatu katika Mtaa wa Kongo, ameshika shati, amelipindua ndani nje, anatazama mshono. Mimi naona yanayoamua ni mambo mawili, kipimo na kauli, na nitayaeleza kwa zamu.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana mji huu haukupangwa ili watu wote wanunue mahali pamoja. Wakoloni waliugawa. Uzunguni kulikuwa na maduka ya barabara iliyoitwa Acacia Avenue, ambayo leo ni Samora. Uhindini kulikuwa na vitambaa, viungo na dhahabu. Waafrika walitengewa Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Soko likaanza hapo miaka ya 1920. Jengo tulilolizoea, lenye paa la zege mfano wa miamvuli iliyopinduliwa, lilibuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lile halikuwekwa kwa urembo tu. Linapokea maji ya mvua na kuruhusu hewa ipite, na chini ya soko, kule watu wanakokuita shimoni, mna nafasi ya kuhifadhi na kuuza.

Kabla ya jengo hilo lilikuwa limepita Azimio la Arusha la mwaka 1967. Biashara kubwa ya jumla ilichukuliwa na shirika la umma, STC, na baadaye ikagawiwa kwa kampuni za mikoa, zile RTC. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zikaadimika. Wazazi wetu wanakumbuka foleni ya sabuni, duka la kaya, na neno ulanguzi. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo, hapakuwa na supamaketi ya kuzipokea. Kariakoo ilikuwa tayari, na vijana wake walikuwa tayari, na tangu hapo haijatazama nyuma.

Sasa tuje kwenye kipimo. Supamaketi imepangwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Yeye hupata fedha zake zote siku moja, hukaa akaandika orodha, kisha hununua mafuta ya lita tano, unga wa kilo kumi na sabuni ya mwezi mzima. Wakazi wengi wa jiji hili hawapati fedha kwa mtindo huo. Dereva wa bodaboda, mama ntilie, kibarua wa zege, kinyozi, fundi cherehani, hao hupata leo cha leo. Jioni mtu ana shilingi 8,000 au 10,000 mkononi, na ndani yake mna nauli ya kesho, na maji, na daftari la mtoto. Mtu huyu hawezi kununua dumu la mafuta la lita tano hata likiuzwa kwa bei ya sadaka.

Kwa hiyo anakwenda kwa Mangi, duka la uchochoroni kwao. Huko mafuta hupimwa kwa kikombe, sukari robo, unga nusu, sabuni kipande, sigara punje. Sokoni nyanya ziko kwa fungu, maharage kwa kopo, viazi kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo limekuwa kipimo rasmi cha taifa bila kupitishwa na Bunge. Kila kitu hukatwa mpaka kifikie sarafu aliyonayo mnunuzi. Kukata huko ni kazi, ni huduma kamili, na supamaketi haiiwezi, kwani umeme, mlinzi na mtu wa mashine ya fedha hugharimu vile vile, mteja awe amenunua kitu cha shilingi 500 au cha laki moja.

Huduma hiyo ina bei yake, na hapa naomba tusikilizane. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme lita moja ya mafuta, ukiichukua nzima, ni shilingi 5,000, na robo lita ni shilingi 1,400. Aliyenunua robo nne ametoa shilingi 5,600. Amezidisha shilingi 600 kwa lita. Akitumia lita nne kwa mwezi ni shilingi 2,400, na kwa mwaka ni shilingi 28,800. Hayo ni mafuta peke yake. Weka sukari, weka unga, weka mkaa. Maskini analipa zaidi ya tajiri kwa kitu kile kile, kila siku ya Mungu, na hakuna aliyemwibia. Mangi naye amebeba dumu kutoka mbali, amemwaga kidogo katika kupima, na amekaa nyuma ya nondo za dirisha tangu alfajiri hadi saa nne usiku.

Wapo kina mama walioliona jambo hili zamani. Watano wa nyumba moja ya kupanga huchanga, mmoja wao akadamka na daladala ya kwanza, akaenda Tandale kwa nafaka au Ilala kwa viazi na vitunguu, akarudi na gunia, wakagawana uani kwa sado. Nauli hutoka kwenye mchango huo huo. Waume zao husema vikundi hivyo ni vya umbea. Waache waseme, wali wanaula. Ila gunia nalo litazamwe. Lumbesa, lile lililoongezewa kichwa juu mpaka likashonewa kamba, humpendeza mnunuzi wa mjini, lakini kichwa hicho kimetoka shambani kwa mtu ambaye hakulipwa. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo umekuwa ukilipiga vita, na ndiyo maana mizani ni haki ya pande zote mbili.

Jambo la pili ni kauli. Msikilizaji asiyefanya biashara huenda hajui kwamba bidhaa nyingi anazoziona madukani, ziwe za supamaketi au za Kariakoo, bado hazijalipiwa. Supamaketi huchukua mzigo kwa msambazaji kwa ahadi ya kulipa baada ya siku 30, 60 au 90. Yenyewe huuza kwa fedha taslimu. Kwa hiyo kwa majuma kadhaa hukaa na fedha za mwenzake. Mwenye nidhamu huo kwake ni mtaji usio na riba. Asiye na nidhamu huzichukua akafungua tawi jipya, kisha jingine kabla la kwanza halijasimama, na siku ya kulipa humkuta mikono mitupu. Nakumatt, ambayo jina lake lilizaliwa kutokana na duka la magodoro la mji wa Nakuru, ilipanuka mpaka ikashindwa kuwalipa wasambazaji wake. Msambazaji asiyelipwa haleti mzigo. Rafu zikaanza kuonyesha mbao. Mteja akikuta rafu tupu mara mbili, mara ya tatu haji, na asipokuja mteja hakuna fedha ya kumlipa msambazaji. Duka kubwa hufa hivyo, rafu moja moja, huku muziki ukiendelea kupigwa.

Kariakoo nako hukopeshana, na mkopo wao huitwa mali kauli. Mwenye duka la jumla humpa kijana pea ishirini za viatu asubuhi. Kijana huuza, jioni huleta fedha, hubaki na faida yake. Hakuna mkataba, na aghalabu hakuna hata kipande cha karatasi. Kuna sura ya mtu, kuna jina la aliyemleta, kuna msikiti au kanisa wanakosali pamoja, kuna kijiji walikotoka wote wawili. Kijana asipotokea jioni, kufikia saa tatu ya asubuhi yake mtaa mzima unajua, na hatapewa tena hata soksi. Deni la supamaketi liliweza kufichika miezi mingi ndani ya vitabu vya mahesabu. Deni la mali kauli halilali.

Kwa kauli hiyo hiyo utaelewa kwa nini maduka ya aina moja hukaa pamoja, jambo linalomshangaza mgeni. Ukitaka simu unaambiwa nenda Aggrey. Kanga na vitenge, Mtaa wa Uhuru. Vipuri vya gari, Gerezani. Samani, Keko. Vinyago, Mwenge. Mitumba, Karume. Dhahabu, masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi. Samaki, Feri, na uwahi mnada wa asubuhi. Mtu hudhani hawa wanaumizana kwa kushindana. Wanashindana, ndiyo, lakini mwenye duka la simu akikosa aina unayoitaka hasemi hakuna. Anasema, "Bosi, kaa hapo dakika moja," anamtuma kijana duka la nne, simu inakuja, na faida wanagawana baadaye. Mtaa mzima ni ghala lake, na hakulipa hata senti kulijaza.

Katikati ya ghala hilo pana mtu ambaye mnunuzi mgeni hana budi kumjua, naye ni winga. Winga hana duka wala meza. Husimama kona ya barabara akisoma macho ya wapitao. "Anti, unatafuta nini? Viatu vya shule? Twende nikupeleke kwa bei ya jumla." Na kweli anakupeleka, maana anazijua ngazi na vichochoro vyote, hata vile ambavyo mwenye jengo amevisahau. Ila bei utakayotajiwa ina cha juu chake ndani. Mimi simlaumu winga. Amekuokolea saa mbili za jua, na cha juu ndio ujira wake. Yafaa tu ujue kwamba unamlipa. Asiyetaka kumlipa aingie dukani peke yake, aulize bei ya jumla inaanzia pisi ngapi, ashukuru, atoke, aulize duka la pili na la tatu. Mara nyingi jumla huanzia pisi tatu, au sita, au dazeni, na majirani wawili wenye watoto wa shule moja wanatosha kuifikia. Bei ya kwanza ni salamu tu. Muuzaji akisema 45,000, hakuna haja ya kumwita mwizi. "Kaka, niambie ya mwisho ili nirudi na kesho." Neno hilo la kurudi huteremsha bei kuliko kelele, kwa sababu mteja wa kurudi ndiye anayelipa kodi ya fremu.

Mamlaka za jiji zilisahau somo hili la miguu ya wapita njia zilipojenga Machinga Complex pale Karume, jengo la ghorofa lililokamilika mwaka 2010 kwa nia njema ya kuwatoa wamachinga barabarani. Kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu. Mteja wa machinga ni mtu anayekwenda zake kazini. Nani atapanda ngazi hadi ghorofani kutafuta soksi ambazo, alipotoka nyumbani, hakujua kwamba anazihitaji?

Sisemi kwamba Kariakoo haina dhambi. Ugomvi wangu nayo uko kwenye risiti. Mnunuzi wa simu au wa jokofu huulizwa, "Na risiti au bila risiti?" na kila jibu lina bei yake. Anayechagua bila risiti hutoka akicheka kwamba amepata unafuu. Simu ikizimika baada ya juma moja hana cha kuonyesha, na kijana aliyemuuzia atamwambia kwa adabu kabisa kwamba hamkumbuki. Wafanyabiashara nao wana lao la kusema. Mei 2023 walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata ya maofisa wa kodi, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Siku hizo hawakutaabika watu wa Dar es Salaam peke yao, kwani Kariakoo hununua pia watu wa Kongo, Zambia, Malawi, Burundi na Visiwa vya Komoro, waliosafiri siku nyingi wakalala katika nyumba za wageni za jirani.

Watu wote hao wanagombea eneo dogo. Fremu hulipiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na juu yake pana kilemba, fedha anayopewa aliyetangulia ili apishe, ambayo haiandikwi popote. Nafasi ikishakuwa ghali kiasi hicho, wenye majengo hupandisha ghorofa juu, na wengine hufukua chini. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, saa za biashara, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wapatao 30 wakafa. Walikuwa wauzaji, wasaidizi wa maduka na watu waliokuja kununua. Tunapoulizana bei ya shati tukumbuke kwamba mwenye shati anauza chini ya dari ambayo pengine hakuna aliyeikagua.

Moto nao tumeuona. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, na Januari 2022 likaungua la Karume. Hapo ndipo mali kauli ilipoonyesha mgongo wake. Kampuni kubwa ikiunguliwa ina bima, ina hati, ina wanasheria. Muuzaji aliyechukua magunia kwa kauli, magunia yake yanaungua na deni haliungui. Na ikiwa daftari lake lilikuwa mezani, basi hata mdaiwa mwaminifu hajui anadaiwa ngapi na nani, na kila anayekuja kudai huja na hesabu aliyoitaka mwenyewe.

Soko kuu lilifanyiwa ukarabati mkubwa baada ya moto, na pembeni yake likajengwa jengo jipya la ghorofa. Ni vyema. Lakini mimi ningeanzia kwenye daftari. Mali kauli iendelee, maana ndiyo mtaji wa wasio na mtaji, ila iandikwe mara mbili: tarehe, idadi, bei, sahihi ya anayetoa na ya anayepokea. Nakala moja ibaki kwa mwenye mali, ya pili ilale nyumbani kwa muuzaji, mbali na soko. Na asiyependa makaratasi apige picha ukurasa huo kwa simu yake, ile aliyoinunua Aggrey, na risiti.